Sauti Tupu

Hamna huruma ninyi. Nikikaa tu chini kupumzisha magoti, mmoja wenu anajitokeza na maneno yaleyale, bibi tusimulie ya yule mtu wa setilaiti, kana kwamba mimi ni redio, mnabonyeza natoa. Nikimaliza mnaogopa kwenda chooni, na anayeamka kuwasindikiza ni mimi. Haya, nitasema, ila atakayenikatiza aniulize setilaiti inakaaje juu isianguke, nitanyamaza hapohapo. Shule mimi niliiona zaidi kwa nje. Mambo haya nilielezwa na waliokuwemo, kwa ile lugha ya kumhurumia mtu mzima, na nitayatoa kama yalivyoingia.

Palikuwa na bwana mmoja, fundi katika kituo cha setilaiti. Wenzake walimwita Antena kwa ajili ya urefu wake na masikio yake, ambayo Mungu aliyasimamisha kando ya kichwa kama vishikio vya sufuria. Mkewe alifariki kwa ugonjwa wa ghafla, asubuhi mzima, jioni hayupo, hata kuagana hawakuagana. Alimwachia binti mmoja mdogo wa shule, aliyeongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, ndiyo maana mama yake alimbandika jina la Kasuku. Sauti ya mtoto ilikuwa ya mama vilevile, haikupungua kitu. Enzi za uhai wa mama, watu wakipiga simu nyumbani walimwamkia mtoto, shikamoo mama, na Kasuku aliipokea bila haya, marahaba, akauliza na hali za huko.

Baada ya msiba nyumba ile ilipoa. Ndugu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Antena hakuwa mtu wa kwenda kwa watu, na watu nao walichoka kwenda kwake kukaa wakitazamana. Kitandani alilala ukingoni, upande wa pili shuka halina hata mkunjo. Kilichobaki cha mkewe kilikuwa maneno machache kwenye simu, aliyoyaacha siku alipompigia bwana asipokee: "Baba Kasuku, usichelewe leo. Chakula nimekifunika. Nakusubiri." Kila siku kazini alijifungia chooni, akafungua bomba lipige kelele, akayasikiliza. Mtu mzima na vyeti vyake, amekaa chooni anasikiliza habari za chakula kilichokwisha kuliwa zamani.

Kazi yake lazima niieleze kidogo, la sivyo kosa lake hamtalijua. Huko juu kuna setilaiti za njia, zile ambazo simu zenu zinazitegemea kuwaambia kateni kulia, kateni kushoto. Hizo hazifanyi kingine ila kutoa sauti, usiku na mchana, kila moja na sauti yake, na anayezisikia kadhaa kwa pamoja anajua yuko wapi. Chini yake zinazunguka setilaiti nyingine, za kuangalia mawingu na misitu, na hizo pia zinataka kujua ziko wapi. Kwa hiyo kila moja imewekewa sikio, wao wanaliita kipokezi. Sikio hilo si kama letu, linalookota hata umbea usiotuhusu. Kipokezi husikia sauti kilizofundishwa tu. Nyingine zinakipita kama hazipo. Na ikisikika moja, kinajua imetoka upande gani na umbali gani.

Sasa zilirushwa setilaiti mpya za njia, na sauti mpya, na masikio ya zamani yakawa hayazitambui. Hakuna wa kupanda juu na ngazi. Mafundi huandika somo jipya chini hapa, setilaiti inapopita juu ya kituo wanalirusha kwa dishi kubwa, na sikio linaamka limejua. Kituoni waliita kuifundisha upya.

Kabla ya kurusha, somo hujaribiwa kwenye kipokezi pacha kilichowekwa mezani. Hapo ndipo palipokuwa na desturi yao. Katikati ya zile sauti mpya, fundi huchomeka moja ambayo hakuna setilaiti yoyote inayoitoa, sauti ya kubuni, isiyo na mwenyewe mbingu nzima. Wanaiita sauti tupu. Ni mtego wa kukamatia uongo: kipokezi kikisema kimeisikia sauti tupu, basi kinasikia visivyokuwepo, na somo ni bovu. Mstari wake kwenye skrini ukisoma sifuri, somo ni zima. Kila fundi alijitengenezea yake, huyu kwa kelele za feni, yule kwa mvua inavyopiga bati. Na sheria ilikuwa moja, sauti tupu inaishia mezani. Hairuki. Wakongwe wa kazi walisema ni kwa sababu inakula nafasi ya bure. Labda. Mimi naona sheria nyingine huwekwa na watu waliokwisha kuona kitu wakaona haya kukisema.

Antena aliitengeneza yake kwa yale maneno ya mkewe. Aliyatia kwenye kompyuta, akayakatakata na kuyasaga mpaka yakawa msururu wa alama, usingejua kama yalikuwa mtu. Akajaribu mezani, mstari ukasoma sifuri. Siku ya kurusha, mkuu wao wa zamu, mwanamke mfupi mwenye miwani minene ambaye hakucheka na mtu kazini, alipita mezani kwake akamuuliza kama sauti tupu ameitoa.

"Nimeitoa, Mkuu."

Hakuitoa. Na hakusahau, hilo liwekeni vizuri vichwani mwenu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, akakiondoa. Alifikiri kwamba kutakuwa basi na kitu kingine, mahali fulani, kinachoshinda na kukesha kikiisubiri sauti ya yule mwanamke, si yeye peke yake.

Somo likapanda. Setilaiti ilipopita tena, majibu yakashuka, na sauti mpya zote zilikuwa zimesikika. Watu walipiga makofi, Mkuu akatoa soda kwa wote. Antena alirudi kwenye skrini yake, ambako kulikuwa na mstari mmoja ambao wengine hawakuwa nao. Ulipaswa kusoma sifuri. Ulikuwa na namba, ndogo, ya sauti hafifu, na umbali wake ulikuwa kupita setilaiti zote za njia, huko ambako watu hawajaweka kitu.

Mtu mwenye akili angepiga kelele. Yeye aliufunika ule mstari kwa dirisha jingine la kompyuta, akaenda chooni, na siku hiyo hakufungua simu. Alinawa tu uso. Jioni alirudi nyumbani akipiga mluzi, mpaka Kasuku akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Setilaiti iliendelea kupita, na kila ikipita umbali ulipungua. Kwanza sauti ilikuwa imefika usawa wa setilaiti za njia. Kisha ikawa chini yake. Antena alisema moyoni kwamba ni hitilafu, na aliposema hivyo alijiona anavyotabasamu kwenye kioo cha skrini. Nyumbani, jikoni kukaanza kunukia mafuta ya nywele ya marehemu, yale ambayo chupa yake yeye mwenyewe aliitupa kwa kushindwa kuiangalia. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya chuma kinapotoka kuchomelewa. Alivuta ya kwanza. Ya pili alijifanya hajaisikia.

Siku moja wanakula, Kasuku aliweka kijiko chini.

"Baba, jikoni kuna mtu anaongea."

"Anasema nini?"

"Kwamba usichelewe."

Akamwambia ni redio ya majirani. Mtoto akasema majirani hawamjui Baba Kasuku, akaendelea kula.

Kesho yake kazini, kwa mara ya kwanza, Antena aliogopa. Sikio la ile setilaiti linatazama juu, maana sauti zote za njia zinatoka juu. Mstari wake sasa ulisema sauti inatoka chini, mgongoni mwa sikio, upande wa dunia. Alichukua penseli akapiga hesabu kwa mkono, kwa kuwa hakutaka kompyuta ya kituo iione hesabu ile. Ikaangukia mtaa wao. Akafuta, akapiga upya, kwa uangalifu zaidi, naye alikuwa hodari wa hesabu, na penseli ikamfikisha kwenye nyumba yao, upande wa nyuma, jikoni.

Jioni ile alimwacha Kasuku na daftari lake la kuchorea, akasimama kwenye korido. Taa ya jikoni haikuwashwa. Bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja, kisha likaacha, kama mtu amelikamata kwa mkono.

"Baba Kasuku, usichelewe leo. Chakula nimekifunika. Nakusubiri."

Haikutoka kwenye simu. Simu ilikuwa mfukoni mwake, imezimwa. Akajibu, "Nipo." Ikasema tena maneno yaleyale, kwa mapumziko yaleyale na ile pumzi ndogo kabla ya nakusubiri, akajibu tena nipo, ikarudia, na alipowasha taa hapakuwa na mtu, ila juu ya jiko palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alipoifunua hapakuwa na chakula. Ilikuwa baridi hata vidole vikanata, na kuvitoa ilibidi avivute.

Hapo pia mtu mwenye akili angemchukua mtoto akaondoka. Yeye aliziosha zile sahani akazirudisha kabatini.

Haikupita muda, Kasuku akiwa mezani ameshika kikombe, alifungua mdomo akanyamaza. Akacheka. Akafungua tena. "Baba, nipe ile," akasema, "ile ya kunywa." Baba yake akamwambia amechoka tu, akammiminia. Mtoto alikunywa akiwa amekunja uso, anatafuta. Na kutoka jikoni, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi, sauti ya mama yake ikasema, "Maji."

Sasa sikilizeni, kwa sababu watu wengi wakiisimulia hadithi hii wanaruka hapa. Kile kitu kilikuja na maneno machache tu, yale ya kwenye simu. Kilikuwa hakina mengine. Ndani ya nyumba kikakuta mtoto mwenye sauti ileile, amejaa maneno mpaka yanamwagika, kikawa kinachota. Neno likitoka kwa mtoto linaingia jikoni. Antena alilijua hilo siku ileile ya maji. Aliogopa, sikatai. Lakini jioni iliyofuata aliketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, akauliza, "Umeshindaje?" Na sauti ikamjibu, "Baba Kasuku, leo shule nzuri." Ni maneno ya mtoto, yamepangwa na mtu asiyejua yanatumikaje, lakini hayakuwa kwenye ile simu, na alikuwa hajamsikia mkewe akisema kitu kipya tangu siku ile ya kuzika. Akalia. Akauliza jingine.

Akawa na mazungumzo. Kila jioni sauti ilikuwa na maneno zaidi, na kila asubuhi Kasuku alikuwa na machache. Shule hakuweza tena kuitaja, viatu alivionyesha kwa kidole. Baba yake alimwambia mwalimu ni mafua ya koo. Mwalimu akampigia simu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuudhi, akasema darasa limekuwa kimya, na yeye hakuwahi kufikiri atakuja kulalamikia hilo. Antena akamshukuru. Akaahidi kumpeleka mtoto hospitali, na jioni akakaa sakafuni.

Ilikuwa alfajiri alipohisi shuka linavutwa. Kasuku amesimama kando ya kitanda, macho yamemtoka. Akafungua mdomo. Hakutoa kitu. Akamgusa baba yake kifuani, akajigusa mwenyewe, akamgusa tena, midomo ikijaribu umbo hili na lile, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na Antena akaelewa anachotafuta ni namna ya kumwita, neno la kwanza kabisa alilowahi kulisema akiwa na meno mawili mdomoni, na kabla hajampakata, jikoni, kwa utamu ambao mkewe hakuwahi kuwa nao hata siku za uchumba, sauti ikasema:

"Baba."

Si Baba Kasuku. Baba tu, na ikaongeza, "Baba, njoo."

Ndipo alipoona anakokwenda. Atakuwa na mke jikoni, mzima, wa maneno yote, na kwenye kiti cha shule atakuwa na nguo za mtoto zilizojaa nyama. Akamnyanyua Kasuku, akatoka na kandambili moja, na nyuma yake mlango uliokuwa wazi ukajifunga polepole, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayesindikiza wageni.

Alikimbilia kwa Mkuu wa zamu. Alimkuta nje ya mlango wake anapiga mswaki, kitambaa kichwani, bila miwani, hata Antena kwa muda hakumtambua. Antena alieleza yote palepale, bila kujitetea. Mkuu alimsikiliza mpaka povu likakauka kwenye midomo.

"Kaka, nilikuuliza. Ukanijibu umeitoa."

"Nilikudanganya, Mkuu."

Akatema, akasema hilo watakuja kulizungumza, kwanza mtoto. Akamvisha Kasuku sweta la mwanawe, wakaenda kituoni. Setilaiti ilipopita asubuhi ile, Mkuu mwenyewe alirusha amri ya kuifuta sauti tupu. Kipokezi kikajibu kwamba imefutwa. Na mstari ukabaki na namba yake, sasa umbali haukuwa na maana tena, namba zilikuwa zinarukaruka, maana kile kitu kilikuwa kinatembea. Mkuu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa, akautazama mstari tena. Ana shahada mbili yule mwanamke. Akasema, "Twende kwa mama mdogo."

Mama mdogo wake alikuwa fundi wa kushona mapazia, na katikati ya mapazia, kwa waliomjua, alitoa majini. Chumba chake kilikuwa kimejaa vitambaa vya madirisha ya watu, huoni ukuta. Hakusimamisha cherehani walipoingia. Antena alieleza tena, na yeye alikanyaga tu, mpaka aliposikia habari ya sakafuni jikoni. Hapo mguu ukasimama.

"Aliyekuja ni mkeo?" akauliza.

Antena alimvuta Kasuku karibu.

"Ulijua siye. Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Na ukakilisha mtoto."

Mama mdogo alimwita Kasuku, akamkalisha kwenye rundo la mapazia, akamshika koo kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa. Kisha akaeleza, na Mkuu alinisimulia neno kwa neno. Huko juu, alisema, kuna wengi wasio na jina, wasioitwa na mtu, na hilo ndilo linalowatesa. Antena aliweka sikio angani likawa linasubiri sauti isiyo na mwenyewe, na kusubiri namna hiyo ni kuita. Mmoja akaitikia. Nani asingeitikia.

"Hicho hakifutwi," akasema. "Kimeitwa, kimesafiri, hakirudi mikono mitupu. Kitaondoka na kile ulichokiitia. Utakipa sauti ya mkeo, yote, kwa mdomo wako, saa ileile mnapoifuta tena huko juu. Ukishakipa imetoka. Hutaisikia tena maisha yako."

Antena akasema yuko tayari. Akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani kwa mama mdogo, kati ya mikasi na sindano, kana kwamba ndiyo malipo.

"Umefikiri vizuri, mwanangu?"

"Nimefikiri."

Mama mdogo alimtazama Kasuku, akamtazama baba yake. "Hujafikiri," akasema, "lakini muda hatuna." Akainuka kutafuta ubani.

Setilaiti ingepita tena kabla jua halijazama. Mkuu aliwatoa wafanyakazi wengine kwa kisingizio cha umeme, wakabaki wao wanne katika chumba cha mitambo, na jambo la kwanza lilikuwa king'ora cha moshi darini, kwa hiyo mkuu wa zamu wa kituo kizima cha setilaiti akapanda juu ya kiti na mfuko wa nailoni akakifunika, akifunga kwa lastiki ya nywele zake, mama mdogo akimshikia kiti na kumwambia amenenepa. Chetezo kikawekwa sakafuni. Kasuku alikaa kando ya baba yake mbele ya skrini, mikono ndani ya mikono mirefu ya sweta.

Dishi nje likaanza kugeuka. Mkuu akasema imechomoza. Harufu ya mafuta ya nywele ikaingia, kisha ya chuma, nzito, mpaka ubani ukawa kama haupo, taa za mitambo zikawa zinapepesa zote kwa pamoja kama kope, na nyuma ya kabati la mwisho, pale ambapo pana nafasi ya kupita panya tu, kitu kikajikohoza.

"Baba," ikasema. "Mimi naogopa."

Antena aligeuka kumtazama Kasuku. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Baba, mimi ni Kasuku. Huyo hapo siye. Huyo haongei, kwa nini haongei? Mimi naongea. Baba, nipe maji, nivalishe viatu, twende nyumbani, chakula nimekifunika," ikasema, na maneno ya mtoto na ya mama yakawa yanapandana, sauti moja tu ikiyabeba yote, ikisogea kutoka kabati hili kwenda lile, karibu zaidi, mpaka ikawa juu ya bega lake na ubaridi wake ukimpasua sikio, ikimwambia mambo matamu na ya kawaida kabisa, kwamba amechelewa leo, kwamba itamsubiri, kwamba kesho itakuwa na maneno mengi zaidi na watakaa sakafuni wazungumze mpaka kuche, kwamba hatalala tena peke yake, na mkono wa Antena uliokuwa juu ya kitufe cha kufuta ukaanza kulegea, wenzake wote wawili waliuona, na mama mdogo hakumshika, kwa sababu mtu hashikwi hapo.

"Setilaiti inazama, kaka," Mkuu akasema polepole.

Kasuku alichomoa mkono kwenye sweta, akauweka juu ya goti la baba yake. Hakumsukuma. Aliuweka tu.

"Nimekupa," Antena akasema. "Ichukue yote."

Akabonyeza.

Hapakuwa na kishindo. Ubaridi uliinuka begani kwake kama ndege anayeruka, vioo vya madirisha vikalia mara moja, kisha chumba kikawa chumba, na ubani ukanukia ulivyo. Kwenye skrini mstari ukasoma sifuri. Mkuu aliketi sakafuni.

Kasuku akafungua mdomo. Antena aliiona midomo inavyokwenda, mbio, kama mtu aliyenyimwa muda mrefu, aliona meno na ulimi, akaona mtoto anacheka, anaonyesha dari, anaonyesha king'ora na mfuko wake, akaona Mkuu anacheka na kulia pamoja, anamkumbatia mtoto, anamwambia sema tena, sema tena. Cha Mkuu alikisikia. Feni za mitambo alizisikia. Hata makaa yakipasuka kwenye chetezo.

"Mbona haongei?" akauliza.

Mkuu akaacha kucheka. Mama mdogo aliinama akaanza kukusanya vitu vyake.

"Anaongea, mwanangu," akasema. "Nilikuuliza kama umefikiri. Hiyo sauti walikuwa nayo wawili."

Kazini aliondolewa kwenye kurusha, akabaki na vipokezi vya mezani, na hilo hakulipigania. Yale maneno kwenye simu alijaribu kuyafungua, mara moja tu. Kulikuwa na kimya cha urefu uleule, kisha mlio wa simu kukatwa. Lakini hayo siyo malipo.

Kasuku sasa ni mtu mzima, ana kazi na nyumba yake, na anaongea kama bomba lililoharibika, mwulizeni yeyote. Akija kumwona baba yake, mzee anamkalisha mbele yake, penye mwanga, ili amsome midomo, na akigeuka kuchukua kitu habari inakatika hapo. Kila mtu anamsikia huyo mzee, muuza maziwa, mbwa, kengele ya baiskeli. Juzi hapa Kasuku aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama nyuma ya kiti chake, akamwita. Alimwita kwa upole, kisha kwa nguvu. Halafu, sijui alipata wapi moyo huo, akamwita kama mama yake alivyokuwa akimwita, Baba Kasuku, Baba Kasuku, mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta akaitikia. Baba mtu aliendelea kumenya viazi, akisikiliza maji yanavyochemka.